Onyo la Virusi: Namna ya Kutofautisha Hatari ya Kweli na Kosa la Programu

Huduma nyingi za umma sasa huombwa kwa kompyuta. Mfanyabiashara huomba leseni kupitia mfumo wa TAUSI, mhitimu wa kidato cha sita huomba mkopo wa elimu ya juu, na mzazi huomba cheti cha kuzaliwa kupitia RITA. Wakazi wengi wa Songea, kuanzia Peramiho hadi Mpitimbi, hufanya maombi hayo steshenari, nyaraka zao zikiwa kwenye flashi. Onyo la virusi likitokea hapo, uamuzi wa pupa waweza kumpotezea mwombaji vyeti vyake siku ya mwisho ya maombi.

Programu ya kuzuia virusi hufanya kazi kwa njia mbili kuu. Hulinganisha faili na alama za virusi vinavyojulikana, na pia hukisia kutokana na mwenendo wa faili. Ukisiaji huo hunasa virusi vipya, lakini mara nyingine hushuku faili isiyo na hatia, kama mbwa wa lindo anayewabwekea mwizi na mgeni sawasawa.

Hata kampuni kubwa hukosea. Tarehe 21 Aprili 2010, sasisho la McAfee lilidhania kuwa faili halali ya Windows XP ni kirusi, na kompyuta nyingi duniani zikawa zinajizima na kujiwasha mfululizo. Hatari ya kweli nayo ipo. Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilifunga faili za watu katika nchi takriban 150 na kudai malipo, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa kinga tangu Machi mwaka huo.

Dalili za onyo la makosa ni hizi: faili imetoka kwenye chanzo kinachoaminika, programu nyingine ya kuzuia virusi haioni tatizo, faili imetumika muda mrefu na onyo limeanza baada ya kusasisha, au jina la onyo lina neno “Heur” au “Gen”, ambalo mara nyingi huashiria makisio. Dalili moja peke yake haitoshi kuwa ushahidi.

Dalili za maambukizi halisi ni nzito zaidi: folda za flashi zimegeuka njia za mkato zenye mshale mdogo, faili zimebadilika majina na hazifunguki, programu ya kuzuia virusi imezimika yenyewe, onyo hurudi kila baada ya kusafisha, au ujumbe unadai fedha.

Lipo pia onyo bandia, linalotokea ndani ya ukurasa wa intaneti na kumtaka mtu apige simu au apakue programu. Hilo ni mtego; ukurasa ufungwe.

Katika hali yoyote ya shaka, kanuni ni moja: faili itengwe kwanza, isifutwe. Faili iliyowekwa karantini haiwezi kudhuru, na ikithibitika kuwa salama inaweza kurejeshwa. Vivyo hivyo, mwenye flashi iliyojaa njia za mkato asikubali ifomatiwe haraka, kwa kuwa mara nyingi nyaraka zake bado zimo, zimefichwa tu na kirusi. Fundi aombwe kusafisha flashi na kuzifichua.

Tovuti ya VirusTotal hupima faili kwa programu nyingi kwa pamoja. Hata hivyo, vyeti na vitambulisho visipakiwe humo, kwa sababu faili zinazopakiwa huweza kuonwa na watu wengine.

Anayedaiwa fedha ili arudishiwe faili zake asilipe, bali atoe taarifa polisi, kwa kuwa kitendo hicho ni kosa la jinai. Matukio ya usalama wa mtandao hupokelewa pia na TZ-CERT, iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Zaidi ya yote, kila mkazi anashauriwa kutunza nakala ya pili ya nyaraka zake mahali pengine, mbali na flashi anayoizungusha steshenari.