Ndege Iliyopoteza Viungo: Maana ya Udhibiti Unaostahimili Hitilafu

Ndege ya abiria huongozwa kwa vibao vinavyosogea kwenye mabawa na mkia wake. Katika ndege kubwa vibao hivyo ni vizito mno kusogezwa kwa mikono ya rubani. Husukumwa kwa mafuta yenye shinikizo kubwa yanayopita mabombani. Mfumo huo huitwa haidroli. Swali linaloshughulikiwa na makala haya ni hili: visukumio hivyo vikifa ndege ikiwa angani, je, chombo kitaongozwa na nini?

Mnamo tarehe 19 Julai 1989, ndege aina ya DC-10 ilikuwa safarini kutoka Denver kwenda Chicago, Marekani, ikiwa na watu 296. Sahani ya feni ya injini ya mkiani ilipasuka, na vipande vyake vikakata mabomba. Ndege hiyo ilikuwa na mifumo mitatu ya haidroli ili mmoja ukifa mwingine ushike kazi. Hata hivyo, mabomba ya yote matatu yalikaribiana mkiani, nayo yakakauka kwa ajali moja. Walinzi watatu wakilala chumba kimoja, huvamiwa pamoja.

Wahenga walisema kuwa ukikosa la mama, hata la mbwa huamwa. Nahodha Al Haynes na wenzake, wakisaidiwa na Dennis Fitch, mkufunzi wa marubani aliyekuwa miongoni mwa abiria, waligeukia injini mbili za mabawani. Nguvu ikizidi kushoto, ndege huelekea kulia. Ikizidi kote kuwili, pua huinuka. Lakini injini huchelewa kuitika, na ndege ilipanda na kushuka mithili ya jahazi mawimbini. Baada ya dakika zipatazo 44 walifika Sioux City. Bawa la kulia liligonga ardhi, ndege ikavunjika. Watu 112 walifariki, 184 walinusurika.

Mkasa huo uliwachochea wahandisi wa NASA kuiachia kompyuta kazi iliyowalemea binadamu. Kimsingi, udhibiti unaostahimili hitilafu una hatua tatu: kugundua kwamba kuna hitilafu, kubainisha kiungo kilichoharibika, na kuvigawia upya kazi viungo vilivyosalia. Tarehe 29 Agosti 1995, rubani Gordon Fullerton alitua na ndege aina ya MD-11 huko Edwards, California, kwa nguvu ya injini pekee. Yeye aliitajia kompyuta mwelekeo alioutaka. Kompyuta ikapima nguvu ya kila injini na kutuliza mawimbi yale.

Aidha, mwezi Novemba 2003, ndege ya mizigo aina ya A300 ilipigwa kombora karibu na Baghdad, Iraki, ikapoteza mifumo yake yote mitatu ya haidroli. Haikuwa na kompyuta ya namna hiyo. Marubani wake waliitua kwa injini, na wote watatu waliokuwamo wakapona.

Ni dhahiri basi kwamba ustahimilivu hautokani na wingi wa viungo pekee. Viungo vya akiba sharti vitenganishwe, na akili inayoviongoza sharti itambue jeraha kwa usahihi, kwani ikikosea itakitegemea kiungo kilichokufa na kukiacha kilicho hai. Hata hivyo, akili hiyo haiumbi nguvu isiyokuwepo, hutumia iliyobaki. Ndiyo maana kompyuta iliyo stadi kuliko zote haimwondolei mhandisi wajibu wa kuchagua kwa makini mahali pa kupitisha bomba.