Kabla uvae hiyo "Navajo", jua ni ya nani

Pengine uko na sweta ya mitumba yenye pembetatu na zigizaga, na muuzaji alikuapia ni "Navajo". Sawa, imekukaa poa. Lakini jina hilo lina wenyewe.

Wanavajo, ambao hujiita Diné, wanaishi Arizona, New Mexico na Utah, Marekani. Husimulia kwamba walifunzwa kufuma na Mwanamke Buibui. Zulia huanzia kwa kondoo: unakata sufu, unaichana, unaisokota, unaitia rangi, ndipo unakaa mbele ya mtambo uliosimama wima kama mlango. Kwa kawaida hakuna mchoro wa karatasi. Picha yote iko kichwani, na mfumaji huijenga kutoka chini kwenda juu, uzi baada ya uzi. Zulia kubwa hula miezi. Si mchezo!

Yale ya picha ndiyo hunimaliza. Reli ilipofika kwao miaka ya 1880, wafumaji walitia treni kwenye sufu. Wakatia ng'ombe, bendera, baadaye malori, hata herufi za Kiingereza, nyingine zimegeuka nyuma mbele. Kumbe watu walianza kuposti kitambo.

Ila si kila kitu kiliruhusiwa. Picha za mchanga za sherehe za uponyaji hufutwa sherehe ikiisha. Hosteen Klah, mganga na mfumaji aliyefariki 1937, alizifuma waziwazi. Wapo walioogopa angepatwa na maradhi. Yeye alihofia ujuzi huo ungepotea, na sidhani alikosea.

Maana hofu hiyo ilikuwa na msingi. Mwaka wa 1864 jeshi la Marekani liliangamiza mifugo yao na kuwatembeza kwa miguu hadi Bosque Redondo. Walirudi 1868, wakafuga upya, kisha miaka ya 1930 serikali ikawapunguzia kondoo kwa lazima. Bila kondoo, utafuma nini?

Siku hizi vita ni vya jina. Mwaka wa 2012 Taifa la Navajo lilishtaki Urban Outfitters kwa kuuza bidhaa kwa jina lao, chupi zikiwemo. Kesi iliisha kwa makubaliano 2016.

Ukikutana na zulia linalodaiwa kuwa lao, cheki ncha zake. Mtande wao ni uzi mmoja unaozunguka, kwa hivyo mengi hayana nyuzi zinazoning'inia. Ukiziona, uliza maswali kabla hujatoa pesa.