Lupusi: mukojo wa mwezi wa 12 unasema nini juu ya figo

Wagonjwa wa lupusi wananiuliza swali moja kila mara: "Docta, figo yangu itafika wapi?" Mwenye kuuliza mara nyingi ni mama kijana, juu lupusi inashika zaidi wanawake wa umri wa kuzaa. Kinga ya mwili, yenye ingepiga mikrobi, inageuka kupiga mwili wenyewe. Ikifika kwenye figo, chujio linaharibika, protini inapita kwenye mukojo. Mukojo unatoa povu, miguu inavimba.

Jibu zuri tulilonalo limetoka Ulaya. Frédéric Houssiau, munganga wa Louvain kule Ubelgiji, pamoja na wenzake walitibu wagonjwa 90 katika utafiti wa Euro-Lupus. Walilinganisha siklofosfamidi ya dozi kubwa na ile ndogo: miligramu 500, mara 6, kila wiki 2. Mwaka 2002 walitangaza kwamba ile ndogo inatosha. Lakini waliendelea kufuata wagonjwa wao kwa miaka mingi, na kwangu mimi hapo ndipo kuna mali. Mwaka 2015 ikaonekana kwamba mugonjwa mwenye protini chini ya gramu 0.8 kwa siku, akitimiza miezi 12 ya matibabu, ana bahati kubwa ya kuwa na figo nzuri hata miaka 7 mbele. Kuongeza hesabu ya damu kwenye mukojo hakukusaidia, kuliharibu utabiri. Utafiti mwingine, MAINTAIN, ulileta namba ya karibu: 0.7.

Sasa muwe makini. Namba hii inajua kutuliza, haijui kuhukumu. Wengi wasioifikia bado figo zao zinaendelea vizuri. Basi mutu mwenye gramu 1.2 asiambiwe "jitayarishe kwa dializi". Kwanza aulizwe: dawa unameza kila siku, ama zilikosekana? Tansiyo iko ngapi? Pengine biyopsi irudiliwe. Na mwenye kufikia asiache dawa peke yake: kuna watu mukojo wao umesafika, lakini biyopsi inaonyesha moto ungali ndani ya figo.

Tena, wagonjwa wengi wa Euro-Lupus walikuwa Wazungu. Kwa watu weusi lupusi ya figo inatokea zaidi na inakuwa kali zaidi, kwa hiyo ile 0.8 mimi naitumia kama alama ya njia tu.

Kipimo chenyewe si kigumu. Asubuhi unakojoa, ule wa kwanza unamwaga; kisha wote unaweka ndani ya bidoni safi mpaka kesho saa ileile, pamoja na ule wa kuamka. Wengi wanasahau ule wa usiku, hesabu inadanganya. Kama labo inaweza, mukojo kidogo wa asubuhi unatosha: wanagawa protini kwa kreatinini. Karatasi ya kipimo cha kwanza, kabla ya dawa, isitupwe. Mwezi wa 12 munganga ataitafuta.