Daraja la Padri Peter (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulimwacha Padri Peter wa Colechurch akianza, mwaka 1176, kujenga daraja la mawe juu ya mto Thames, London. Hakuliona likiisha. Alifariki mwaka 1205, akazikwa ndani ya kanisa dogo lililojengwa juu ya daraja lenyewe. Kazi ilikamilika mwaka 1209.

Leo tushuke majini, kwa maana mambo yote yako huko. Thames pale London hupwa na kujaa kama bahari. Mafundi walipigilia magogo mtoni, wakashindilia mawe na kifusi kati yake, na juu ya visiwa hivyo wakasimamisha nguzo 19 za kubeba matao. Kisiwa kilipoliwa na maji, kiliongezewa magogo kwa nje. Hivyo visiwa vikanenepa, na njia za maji zikazidi kuwa nyembamba.

Daraja likawa nusu bwawa. Maji yalipokupwa, upande wa juu yalibaki yametuama, na tofauti ya pande mbili ikakaribia mita 2. Matao yakageuka maporomoko. Abiria mwenye akili alishuka mashuani, akapita kwa miguu, akapanda tena upande wa pili. Asiyetaka, shauri yake, na si wachache waliozama. Lakini balaa la mwendesha mashua lilikuwa riziki ya mwingine: mwaka 1582 Peter Morice alifunga gurudumu kwenye tao la kaskazini, na mkondo uleule ukawapandishia wenyeji maji majumbani.

Juu ya daraja nyumba na maduka yalibanana pande zote mbili, hata njia ikawa kama kichochoro cha sokoni. Zilivunjwa katikati ya karne ya 18. Hilo sina ugomvi nalo. Kosa, kwa maoni yangu, ni kung'oa nguzo ya katikati mwaka 1759 ili kupata tao moja kubwa. Mkondo ulipopata upenyo ukaanza kuchimba misingi ya nguzo za jirani. Mhandisi John Smeaton aliitwa mbiombio. Akasema, mimineni mawe. Mawe gani? Malango ya kale ya jiji yalikuwa ndiyo kwanza yamebomolewa na mawe yake kuuzwa. Jiji likayanunua upya, yakapakiwa kwenye matishari na kutoswa mtoni, na daraja likasimama miaka 70 mingine.

Itaendelea.