Ronja: Taa nyekundu iliyorusha intaneti kutoka paa hadi paa

Intaneti bila waya, bila mnara, bila hata masafa ya redio? Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Karel Kulhavý wa Jamhuri ya Czech alionyesha inawezekana. Alitumia taa tu.

Kifaa chake kinaitwa Ronja. Ndani ya bomba, kama lile la kutolea moshi, kuna taa ndogo ya LED na lenzi ya kukusanya mwanga. Taa inawaka na kuzimika mamilioni ya mara kwa sekunde. Wewe utaona mwanga mwekundu uliotulia tu, lakini kifaa cha upande wa pili kinausoma kama data.

Kasi yake ni megabiti 10 kwa sekunde, umbali hadi kilomita 1.4. Leo ni ndogo, ila enzi hizo wengi walikuwa bado wanasikiliza modemu ikilia kwenye simu ya mezani. Na michoro aliitoa bure, fundi yeyote ajitengenezee.

Shida? Ukungu mzito ukitanda, mtandao unakata. Jirani akiinua ghorofa katikati, imeisha hiyo.