Istilahi za Mauzo ya Mswada wa Filamu

Katika kazi ya kuunda istilahi, ugumu hauletwi kila mara na neno geni. Mara nyingine huletwa na neno letu wenyewe, lililozoeleka kiasi kwamba hakuna anayelitilia shaka. Neno "kuuza" ni la namna hiyo. Mtu akisema ameuza mbuzi, sote twaelewa kwamba mbuzi ameondoka na fedha zimeingia. Lakini mwandishi mgeni katika tasnia ya filamu akisema "nimeuza mswada wangu", huenda ametenda mojawapo ya mambo matatu yanayotofautiana sana kisheria, na katika mojawapo hajauza kitu chochote.

Makala hii inakusudia kuyatenganisha mambo hayo na kuyapendekezea majina. Tumechukua mifano kutoka Marekani, kwa kuwa ndiko biashara hii ilikokomaa na ndiko mikataba yake mingi inakoigwa. Lakini suala linatuhusu. Tangu sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania mwaka 2021, mfasiri wa mkataba hawezi tena kujificha nyuma ya maneno "kama ilivyo katika Kiingereza".

1. Mswada na safari yake

Kwanza tulitaje jambo lenyewe. Watengenezaji wa filamu husema "skripti", na wengine "mswada andishi". Hatuna ugomvi na "skripti" katika mazungumzo. Ama "mswada andishi", tunaona ni kurudia maana, kwani hakuna mswada usioandikwa. "Mswada wa filamu" latosha.

Mwandishi mgeni, kwa kawaida, huanza na mswada ambao hakuna aliyemwagiza. Huuandika kwa gharama na muda wake, kisha huutafutia mnunuzi. Huu twauita "mswada usioagizwa", ili utofautiane na "mswada ulioagizwa", ambao mwandishi hulipwa ili auandike. Kampuni kubwa za Hollywood kwa desturi hazisomi mswada uliotumwa na mtu zisiyemjua, kwa kuogopa kudaiwa baadaye kwamba zimeiba wazo. Hivyo mwandishi huhitaji "wakala" wa kumfikisha kwa mtayarishaji. Tendo la kueleza hadithi kwa mdomo mbele ya mtayarishaji twapendekeza liitwe "kunadi", neno ambalo watu wa minada na wa kampeni za uchaguzi wanalijua vyema.

Ifahamike hapa kwamba hakimiliki hulinda namna hadithi ilivyoandikwa. Wazo tupu hailindi. Anayenadi kabla ya kuandika hana cha kulindwa na hakimiliki.

2. Hiari ya kununua

Hapa ndipo penye mtego mkubwa. Mtayarishaji akiupenda mswada wa mgeni, mara nyingi haununui. Hutoa fedha kidogo ili, kwa muda uliowekwa, tuseme mwaka mmoja au miezi 18, yeye peke yake awe na haki ya kuununua kwa bei iliyokwisha kukubaliwa. Katika muda huo hutafuta mtaji, mwongozaji na waigizaji. Akifanikiwa, hulipa bei na kuuchukua mswada. Akishindwa, muda huisha, mswada hurudi mikononi mwa mwandishi, na fedha zile kidogo hazidaiwi.

Wafasiri wengine wangeandika hapa "mauzo ya awali" au "malipo ya kwanza". Tafsiri zote mbili zapotosha, maana humfanya mwandishi aamini kwamba malipo ya pili yaja kwa lazima. Tulilifikiria pia neno "arubuni", fedha anazotanguliza mnunuzi ili bidhaa asiuziwe mwingine. Lina sifa njema, lakini atoaye arubuni anatarajiwa kukamilisha ununuzi. Isitoshe, kwa sauti linakaribiana mno na kitenzi "rubuni", chenye maana ya kushawishi kwa hila.

Mfano ulio karibu zaidi upo katika mila zetu, nao ni kishika uchumba. Kikishapokewa, binti haposwi na mwingine; lakini ndoa bado, na mposaji aweza kughairi. Kwa mwalimu anayeeleza darasani, mfano huu unafaa sana. Kwa mkataba tunahitaji neno lisilo la mafumbo, nasi twapendekeza "hiari ya kununua". Sifa yake ni kwamba linaonyesha hiari iko upande gani: mnunuzi anayo, mwandishi hana. Malipo yake yaitwe "malipo ya hiari", na mwisho wake uitwe "ukomo wa hiari". Mfasiri asiache kamwe kuonyesha ukomo huo na iwapo mnunuzi aweza kuurefusha.

3. Uhamisho wa haki, idhini ya matumizi na kazi ya ajira

Hiari ikitumika, ndipo hufanyika "uhamisho wa haki". Kwa sheria ya Marekani, uhamisho huo hausimami ila kwa maandishi yenye saini ya mwenye haki. Baada yake mnunuzi aweza kuubadili mswada, kumpa mwandishi mwingine, au kuufungia kabatini. Sylvester Stallone, alipokuwa mwigizaji asiyejulikana sana, alikataa kuuza mswada wa Rocky (1976) isipokuwa yeye mwenyewe aigize mhusika mkuu. Sharti lilikubaliwa, na filamu ikapata tuzo ya Oscar ya filamu bora. Hata hivyo umiliki haukubaki kwake, naye miaka mingi baadaye alilisikitikia jambo hilo hadharani.

"Idhini ya matumizi" ni jambo jingine: mwandishi hubaki na haki yake, na humruhusu mwingine kuitumia kwa mipaka. Tumeepuka "leseni", ambayo kwa wengi ni kibali cha serikali cha kuendesha gari au kufungua duka.

La tatu ni "kazi ya ajira". Hapa sheria ya Marekani humhesabu mwajiri kuwa ndiye mtunzi tangu mwanzo. Tofauti si ndogo. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1976, mtunzi aliyehamisha haki aweza, kwa utaratibu maalumu, kusitisha uhamisho baada ya miaka 35. Aliyefanya kazi ya ajira hana nafasi hiyo. Mfasiri akiandika "kazi iliyolipiwa" mahali pa "kazi ya ajira", ameificha tofauti hiyo yote.

4. Faida ipi?

Mgeni mara nyingi huahidiwa bei ndogo pamoja na sehemu ya "faida halisi". Katika uhasibu istilahi hii imekubalika, wala hatutaki kuivuruga. Lakini sikio la mtu wa kawaida husikia "halisi" likaelewa "ya kweli", na hapo ndipo msiba.

Mwandishi wa magazeti Art Buchwald aliipa kampuni ya Paramount hiari ya kununua hadithi yake fupi mwaka 1983, akiahidiwa sehemu ya faida hiyo. Mwaka 1988 ilitoka filamu ya Coming to America, iliyoingiza zaidi ya dola milioni 100 nchini Marekani peke yake. Kampuni ilidai kwamba, kwa hesabu za mkataba, hakuna faida halisi iliyopatikana. Mwaka 1990 mahakama ya Los Angeles iliamua kwamba filamu ilitokana na hadithi ya Buchwald, kisha kwamba baadhi ya vipengele vya hesabu hizo havikuwa vya haki. Mwaka 1992 iliamuru Buchwald alipwe dola 150,000, na mtayarishaji mwenzake, Alain Bernheim, dola 750,000. Pande hizo baadaye zilisuluhishana.

Kwa mikataba ya filamu, basi, twapendekeza "sehemu ya mapato ghafi" kwa mgawo unaotolewa kabla ya gharama, na "sehemu ya baki baada ya makato" kwa ule unaotolewa baadaye. Jina la pili ni refu, lakini humlazimu msomaji kuuliza: makato yapi, na nani anayakata?

5. Istilahi zinazopendekezwa

Mswada usioagizwa: mswada ulioandikwa bila ajira wala malipo ya awali.
Kunadi: kueleza hadithi kwa mdomo ili kumvutia mtayarishaji.
Hiari ya kununua: haki ya mnunuzi mmoja, kwa muda maalumu, ya kununua au kuacha.
Uhamisho wa haki: kumpa mwingine umiliki wa haki kwa maandishi.
Idhini ya matumizi: ruhusa yenye mipaka, umiliki ukibaki kwa mtunzi.
Kazi ya ajira: kazi ambayo mwajiri huhesabiwa kuwa mtunzi wake.
Sehemu ya baki baada ya makato: mgawo wa kile kinachosalia gharama zikishaondolewa.

Neno "kuuza" halijafukuzwa. Libaki katika mazungumzo. Katika mkataba litumike tu pale haki inapohama kweli. Tunawaomba wafasiri, walimu na maofisa wanaoshughulika na mikataba watuletee maoni yao, hasa wale ambao wamekwisha kukutana na maneno bora zaidi kuliko haya.