"Mafuta Safi" au "Mafuta Mbadala"? Istilahi na Athari za Kimazingira za Nishati ya Meli

1.0 Utangulizi

Mwaka 2023, Shirika la Bahari Duniani (IMO) lilipitisha mkakati unaolenga kufikisha kwenye sifuri halisi utoaji wa gesijoto kutoka meli za kimataifa ifikapo mwaka 2050 au karibu na hapo. Usafiri wa meli huchangia takribani asilimia 3 ya gesijoto zitokanazo na shughuli za binadamu. Katika mijadala ya Kiswahili, nishati zinazokusudiwa kuchukua nafasi ya mafuta mazito mara nyingi huitwa "safi". Makala haya yanabainisha kuwa kivumishi hicho huficha tofauti ambazo mtunga sera hana budi kuziona.

2.0 Kinachofichwa na Neno "Safi"

Gesi asilia iliyosindikwa hutoa kabonidayoksaidi kidogo kuliko mafuta mazito, na takribani haina salfa. Hata hivyo, sehemu ya methani yake hupita kwenye injini bila kuungua. Kwa kipimo cha miaka 20, methani huongeza joto zaidi ya mara 80 ya kabonidayoksaidi ya uzito uleule.

Amonia, kwa upande wake, haina kaboni. Lakini ni sumu kwa binadamu na kwa samaki, na inapounguzwa yaweza kuzalisha oksidi ya nitrasi, gesijoto kali kuliko hata methani. Aidha, amonia nyingi duniani hutengenezwa kwa gesi asilia au makaa ya mawe; kwa hiyo kaboni isiyoonekana baharini huwa imekwishatolewa kiwandani.

Ni dhahiri kwamba "safi" hujibu swali moja tu, yaani moshi wa bombani, na kunyamazia chanzo cha nishati na hatari ya kuvuja kwake.

3.0 Hitimisho

Suala hili si la wanaleksikografia peke yao. Uganda, Rwanda na Burundi hutegemea bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Iwapo amonia itahifadhiwa huko, mfanyakazi atakayesoma "mafuta safi" kwenye tangi hatakuwa ameonywa, bali ameliwazwa. Tunapendekeza nyaraka za kisera zitumie "mafuta mbadala", kisha zitaje mambo matatu kwa kila aina: yametengenezwa kwa nini, yanatoa nini yanapoungua, na yanadhuru nini yakivuja.